Mfalme wa Drafti na Kitabu cha Mama Mapacha

Jumatatu, 3 Machi
Injinia kanifunga tena drafti. Mara ya ishirini na moja mfululizo! Huyu jirani yangu hata uinjinia hana, ni fundi wa mafriji na kompyuta, lakini akila kete tatu kwa mpigo hujipangusa mdomo kama mtu aliyetoka mezani. Leo kaniuliza, barazani kwake, mbele ya watu, kama ningependa acheze kwa mkono wa kushoto ili na mimi nipate nafuu.

Nimerudi nyumbani na hila. Mtandaoni kuna programu iitwayo Mfalme wa Drafti. Bure kabisa. Inakuonyesha pa kusogeza kete hadi adui aombe maji. Programu ya ulinzi ya kompyuta ikabweka: kisanduku chekundu, hatari, hatari. Mbwa mwingine humbwekea hata mwenye nyumba. Nikaizima. Kisha nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kusoma ni kwa wenye wasiwasi.

Jumanne, 4 Machi
Mfalme hajatokea. Yametokea matangazo: dawa ya fangasi za miguu, viatu vya kike, tena dawa ya fangasi. Nikifunga moja yanazaliwa mawili. Feni ya kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga.

Hayo ningevumilia. Lakini jioni Mama Mapacha alifungua kitabu chake. Mke wangu ni mkunga, na huu mwaka wa pili anaandika kitabu cha kufundishia wakunga wanafunzi. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Mchapaji anakitaka Jumamosi asubuhi. Kikichelewa, wanafunzi wanaanza muhula mikono mitupu. Kilichofunguka ni alama ovyo ovyo, kama sisimizi waliomwagiwa maji. Hakupiga kelele. Aliketi tu, mikono mapajani. Heri angepiga kelele.

Akauliza nani kagusa kompyuta. Nilifungua kinywa nikiri. Kikatoka kingine: si ile flashi ya Matroni? Matroni ni mkuu wake wa wodi. Jumapili alituletea picha za sura ya tisa kwa flashi yake. Mke wangu akaniamini. Hilo ndilo linaloniunguza. Aliniamini papo hapo.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamua kutibu mwenyewe. Nimekokota picha ya Mfalme hadi kwenye pipa la taka, nikamwaga pipa. Matangazo yakaendelea. Kumbe nimeng'oa kibao cha mlangoni, mpangaji yuko ndani! Nikapakua programu ya pili ya ulinzi juu ya ile ya kwanza. Mafahali wawili zizi moja. Kompyuta imeganda saa nzima, kila mmoja akimshuku mwenzake kuwa ndiye kirusi.

Jioni, hodi. Matroni, bado na sare yake. Mke wangu alikuwa amempigia simu. Mama wa watu kakaa ukingoni mwa kiti, akasema miaka thelathini na moja ananawa hadi viwiko, hajampelekea mzazi hata kijidudu kimoja, na leo ndiye kaleta maambukizi nyumbani kwa watu. "Shemeji, nisamehe." Nikamwambia nimemsamehe. Mimi! Nikamsindikiza hadi getini, akanishukuru. Niliporudi ndani nilipita mbali na kioo.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kamwita Injinia. Kati ya mafundi wote wa dunia! Kwanza alichomoa waya wa mtandao. Akaiwasha kompyuta upya kwa namna inayoamsha vile vya lazima tu, vingine vyote vilale. Akaondoa fahali wangu wa pili, akaanza kusaka kwa dawa aliyokuja nayo. Uchafu wa aina arobaini na saba. Mwisho akamkuta Mfalme. Ameingia Jumatatu, robo saa baada ya sisi kuachana barazani.

Injinia akaniangalia. Nikaangalia dari. Mke wangu akauliza uchafu umepitia wapi. "Shemeji, hivi vitu vina njia nyingi," akasema. Basi. Hata kutabasamu hakutabasamu. Afadhali angenifunga mara mia.

Kompyuta ilipokuwa safi, mke wangu aliingia chumbani akarudi na kopo la vifungo. Ndani mna flashi yenye utepe mwekundu. Kitabu! Kila mwisho wa mwezi hukinakili, huichomoa, huificha. Imekosekana sura ya tisa tu, ambayo ataiandika upya. Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, Baba Mapacha, ungeichomeka."

Injinia akapatwa na kikohozi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda wodini kukiri. Kweli kabisa, maneno nilikuwa nimeyapanga. Nikamkuta Matroni mbele ya wanafunzi, ameitia flashi yake kwenye chupa ya vipimo na kukaza kifuniko. Tazameni, anawaambia, hata mimi yamenikuta. Flashi ya kuazima msiichomeke kabla ya kuipima. Programu ya ulinzi msiizime. Msibonyeze ndiyo kwa jambo msilolisoma. Kila amri ilinipata mbavuni.

Nikasema pengine kosa si lake peke yake. Nilifika hapo tu. Akawageukia wanafunzi: "Mnaona mume mwenye moyo?" Wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa. Wakasema na unyenyekevu anao.

Nikapitia kwa Injinia. Ishirini na mbili. Alipokula kete ya mwisho akaninong'oneza, je, Mfalme yuko likizo?

Lakini nimejifunza. Kompyuta ya nyumbani isiguswe! Mfalme ataishi kwenye ile ya stoo ya shule, ninakofanya ukarani. Mke wangu alipoingia kuoga nimemzima mbwa dakika tano tu, nikampakua Mfalme, nikamweka moja kwa moja kwenye flashi bila kumfungua. Usalama kwanza. Flashi yangu sikuiona, nikaazima ile ya utepe mwekundu. Sura ya tisa imesharudi, kitabu chote kimo, na nafasi imebaki tele. Kesho mapema nitamhamisha kabla hajaamka mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka, kopo tupu. Mama Mapacha ameshaacha flashi kwa mchapaji na kuingia zamu.

Saa tatu mchapaji akapiga simu. Mwandishi hapatikani, yuko chumba cha kujifungulia. Kompyuta yake inabweka: kando ya kitabu kuna kitu asichokielewa, kinaitwa Mfalme. Akifute?

Neno moja tu lilitakiwa. Kifute. Nilikuwa nalo ulimini. Akilini nikauona mkono wa kushoto wa Injinia. Kinywa kikafunguka: hapana, ndugu yangu, huo ni mchoro wa sura ya tisa, wewe izime hiyo inayobweka, ubonyeze ndiyo.

Akanishukuru sana. Wiki hii watu hawaishi kunishukuru. Kabla hajakata simu, nyuma ya sauti yake, nikasikia feni inaanza kuvuma.