Faksi Yangu na Sufuria ya Tekla

Jumanne, 8 Julai 2025

Afande Simel, mkuu wetu wa kituo cha polisi, ametangaza majaribio. Siku mbili! Taarifa ziende kituo kidogo cha mlimani kwa njia mbili: mimi kwa faksi, Koplo Fransiska kwa simu janja. Mshindi atakuwa mkuu wa chumba cha mawasiliano. Nimekaa chumba hicho miaka kumi na tisa. Fransiska ana miezi minane, na tayari Afande anamwita “binti yangu”. Mimi ananiita “wewe wa faksi”. Wivu? Hapana. Haya, kidogo.

Nimewaeleza wote kwamba mashine yangu haitaki wino, karatasi yake huandikwa kwa joto tu. Fransiska alipiga mwayo.

Jumatano, 9 Julai

Faksi sita, majibu sita! Yana sahihi na muhuri. Mtandao wa Fransiska umekatika mara mbili. Nikampa pole mbele za watu, nikacheka chooni.

Saa nne Fransiska akamletea Afande mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Afande akasema hajawahi kunywa mtori mtamu namna hiyo. Afande ni wa Monduli kwa wafugaji, mtori ameujulia wapi? Roho imeniuma. Nimemwagiza mke wangu Tekla apike wa kwetu, nyama nyingi. Akauliza kama yanashindana mashine au majiko.

Alhamisi, 10 Julai

Nyumba yetu ipo nyuma ya kituo, kwa hiyo mtori ulifika ukitokota. Dirisha halina kioo, upepo wa Mlima Meru ukataka kunipeperushia majibu. Nikayakandamiza kwa sufuria. Akili hiyo!

Afande akaja kukagua. Nikainua sufuria. Karatasi nyeusi tii! Hata muhuri hausomeki. Akauliza nimepokea majibu au makaa. Fransiska akafungua simu, majibu yake yote yapo. Chumba amepewa yeye. Na mtori wangu Afande akanywa mabakuli mawili!

Ijumaa, 11 Julai

Nimechunguza. Karatasi haziungui zenyewe. Ni hila ya Fransiska. Nani mwingine alikuwa chumbani? Sawa, nilikuwa peke yangu. Lakini mtu mwenye wivu hakosi njia.

Nimeandika malalamiko kurasa tatu, nikayatuma mkoani kwa faksi. Mashine ikatoa stakabadhi safi kabisa, ndiyo ushahidi wangu pekee. Upepo ukataka kuichukua. Nimeikandamiza kwa birika la chai, limetoka jikoni sasa hivi.