Kiarifu cha Dawati la Kwanza

Jumatatu, 18 Agosti
Mdhibiti ubora anakuja Alhamisi kukagua somo langu la Kiingereza, darasa la sita. Mada: kiima na kiarifu. Balaa! Miaka tisa nafundisha, kiarifu sijawahi kukielewa. Na nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi. Ndugu zangu wote wa Mugoma nimeshawaambia ni yangu.

Mwalimu Evarista naye anaitaka, ila anajifanya haitaki. Nikamuuliza kijanja, kama vile nampima. Akasema kiima ni yule tunayemzungumzia, kiarifu ni habari tunayoitoa juu yake. Haiwezi kuwa rahisi hivyo. Ananificha.

Jumanne, 19 Agosti
Nimepata dawa! Kila dawati lina watoto wawili. Wa kushoto anakariri kiima, wa kulia kiarifu. Dawati la kwanza: Mwalimu mkuu / anaongoza shule yetu vizuri. La tatu: Mbuzi wa bibi / anakula maganda ya ndizi nyuma ya jiko. Mtoto mmoja, Iradukunda, akaomba kutunga sentensi yake mwenyewe. Nikamwambia aache ujuaji, akariri.

Jumatano, 20 Agosti
Mazoezi mara kumi na nne. Wanatiririka! Nimejaribu kukalia kiti cha taaluma. Kinanifaa. Evarista akacheka. Wivu tu.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimekwisha! Nilisahau desturi ya mwalimu mkuu, Mzee Telesfori. Mgeni akija, wenye sare kamili na viatu wanahamishiwa mbele, wa kandambili wanarudi nyuma. Kawahamisha mdhibiti akiwa tayari mlangoni.

Dawati la kwanza, kushoto: Mwalimu mkuu. Kulia, kwa Kiingereza safi na sauti ya juu: anakula maganda ya ndizi nyuma ya jiko. Mzee alikuwa amesimama palepale. Baadaye mbuzi wa bibi akaongoza shule yetu vizuri.

Mdhibiti akauliza kiarifu ni nini. Nikatazama dari. Iradukunda, na kandambili zake kule nyuma, akanyoosha kidole na kueleza. Maneno yaleyale ya Evarista! Wamekula njama.

Ijumaa, 22 Agosti
Taaluma kapewa Evarista, na Kiingereza cha darasa la sita pia. Mimi nimeamriwa kukaa darasani kwake mwezi mzima, dawatini, pamoja na watoto. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu anatoa jaribio la kiarifu. Sina wasiwasi. Nimewahi nafasi ubavuni mwa Iradukunda, nikampa kalamu mpya aandike maandishi makubwa. Viatu nimevipiga kiwi. Mzee katangaza kwamba siku hiyo kuna mgeni kutoka halmashauri. Mgeni ni wake, mimi ananihusu nini?