Magurudumu Matano ya Karani

"Wizara imenunua viti mia mbili vipya!" Spana, fundi baiskeli, alilipiga gazeti kofi. "Eti vya zamani magurudumu yamelika!"

"Si wangenunua magurudumu," alisema Karani, akikipapasa kiti chake cha ofisini, alichoagwa nacho siku ya kustaafu. Leo alikuwa amekiburuta hadi kijiweni, magurudumu matano mapya yakiwa mfukoni.

"Magurudumu!" alidakia Bi Chungu, muuza kahawa. "Sasa mkubwa atasafirije nje kwenda kukagua magurudumu?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Karani hakucheka. Kiti kilikuwa kimemkwaruzia mkewe sakafu, na asubuhi mama huyo alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Kisipotembea vizuri kabla ya saa sita, kinapanda mzani.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita kasoro robo, mzee wangu," alijibu Bi Chungu. "Na mkokoteni wa vyuma chakavu nimeuona ukishuka kwenu."

Spana akakipindua kiti, akang'oa gurudumu la kwanza kwa bisibisi. Likatoka na fundo la uzi na nywele.

"Karani! Hizi za enzi ukiwa na nywele?"

"Fanya kazi, kijana."

Magurudumu mapya yaliingia bila ubishi. Karani alikuwa amepima kwa rula vijiti vya kuyachomekea kitini: milimita kumi na moja. "Hesabu za shule ya usiku hizo," alisema, akitazama huku na huku kutafuta wa kumsifu.

"Bado grisi."

"Hayahitaji."

"Mzee, baiskeli nimefungua miaka ishirini. Gurudumu bila grisi ni kokoto!" Akapakaa kama anayesiriba ukuta, akakisimamisha kiti. "Keti tuone."

Karani akaketi, kikombe cha kahawa mkononi, mguu juu ya mguu. Kiti kikaanza kuondoka, na hapo ndipo wote wakakumbuka kwamba kijiwe kiko juu ya mteremko.

"Kanyaga breki!" alipiga kelele Bi Chungu.

"Breki gani? Kiti hicho!" Spana alikuwa tayari mbio nyuma yake, mikono imejaa grisi.

Kiti kikampita kinyozi, kikalipita duka la vitabu, kimya, bila mkwaruzo hata mmoja. Kikakwama kwenye mchanga wa ujenzi mlangoni pa Karani mwenyewe, mbele ya mkewe na mwenye mzani.

Karani akamalizia tone la kahawa lililobaki.

"Kinatembea," alisema.

Mkewe akakitazama kiti, akamtazama mumewe, kisha akamgeukia mnunuzi.

"Nenda zako, baba. Miaka arobaini ya ndoa, leo ndiyo kwanza kijiwe kinanirudishia mume chakula kikiwa moto."