Maana Thelathini na Moja za Get

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimekuwa mwalimu. Mimi, Radwa, miaka kumi na sita, niliyesomeshwa kwa Kiarabu na Kiingereza tangu chekechea na sijawahi kunyoosha mkono darasani hata siku moja. Mwalimu!

Ilikuwa hivi. Hajjat Inshirah wa ghorofa ya pili, anayevalisha makochi vitambaa kwenye karakana ya marehemu mumewe, anapata mgeni Alhamisi. Mjukuu wake Talia, miaka saba, kazaliwa Kanada, Kiarabu hajui hata salamu. Baba yake atamleta hapa Dumyat, kisha atakwenda Kairo siku mbili kufuatilia hati. Siku mbili, bibi na mjukuu peke yao! Hajjat alimwambia mama, machozi yakimlengalenga, kwamba amemsubiri mtoto huyo miaka saba na sasa watatazamana kama mabubu. Mama akasema Radwa yupo. Radwa alikuwa nyuma ya pazia. Akatolewa.

Bassant wa ghorofa ya tatu naye alikuwepo, kaja kuazima kitunguu (sikuzote kitunguu). Ni wa umri wangu. Anawafundisha watoto wa jengo nyimbo za rangi, na tayari wanamwita Misi Bassant, kama mwalimu wa kweli. Akatoa ushauri ambao hakuombwa: Hajjat afundishwe sentensi tano tu. Una njaa, umechoka, njoo, usilie, nakupenda. Sentensi tano! Kama kasuku.

Mimi nina mpango. Nimechunguza na kugundua kwamba kuna neno moja la Kiingereza linalofanya kazi ya maneno yote. Get. Ukilijua hilo, mengine ni mapambo. Kufikia Jumatano Hajjat atakuwa na lugha nzima. Na mimi nitaitwa Misi Radwa.

Jumapili, 6 Julai

Nimekusanya maana thelathini na moja. Get ni kupata. Get ni kununua, kupokea, kuleta. Ni kufika na kuelewa. Ni kuamka, kuzeeka, kulowa, kupona, kuoa na, kwa bahati mbaya, kuachika. Ni kupanda basi na pia kushuka basi lilelile. Waingereza ni wavivu na ninawashukuru.

Tatizo: kufundisha ni kazi ya uso kwa uso. Nilifika hadi mlangoni kwa Hajjat, nikamsikia anakohoa, nikarudi juu mbio. Lakini akili ninayo! Kikapu! Kile tunachoshusha kwa kamba dirishani kununulia mkate. Nimeandika kila maana kwenye kadi, Kiingereza kwa herufi za Kiarabu, nikashusha kadi kumi za kwanza. Elimu ikateremka kutoka ghorofa ya nne. Sidhani kama kuna mwalimu duniani aliyewahi kuliwaza hili.

Kikapu kilipopanda kilikuwa na kadi zangu zilezile, zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Bassant alikinasa dirishani kwake! Kwenye kadi ya sita ameandika: "Dada yangu, bibi wa watu anataka kuongea na mtoto, hatungi kamusi." Nimeichana vipande kumi na viwili.

Jumanne, 8 Julai

Mama alinisukuma hadi mlangoni. Nilifundisha nikiangalia zulia. Hajjat alikuwa na misumari midogo mdomoni, anagongelea kitambaa kwenye kiti. Kila nilipomaliza maana moja nilimuuliza kama ameelewa. Anatema misumari kiganjani, anasema, "Nimeelewa, roho yangu, Mungu akuzidishie," anairudisha. Maana thelathini na moja, na zote kaelewa! Sina hakika kama wizara imewahi kuona matokeo ya namna hii.

Bassant, aliyekuwa anapita (kitunguu), alicheka akasema Hajjat angesema ameelewa hata kama ningemsomea bili ya umeme. Eti nani atamwambia mtoto wa jirani kwamba somo lake halikuingia? Wivu mtupu.

Jumatano, 9 Julai

Marudio. Maana ya nne, ile ya kumletea mtu kitu, Hajjat anaitamka kama amezaliwa London. Nyingine zimelala kidogo.

Aliniuliza jambo moja. Amwambieje Talia kwamba asimwogope? Nikamweleza kwamba hilo halimo kwenye get, tutalifikia mwakani. Akasema sawa, akaendelea kugonga misumari.

Alhamisi, 10 Julai

Siku yangu! Baba yake Talia alipoondoka tu, nilijibanza jikoni kwa Hajjat ili kushuhudia. Mtoto kakaa kwenye kochi, miguu haifiki chini. Joto la kuyeyusha gundi. Akamwona bibi yake anajipepea. Akauliza, polepole, kama amletee maji. Kwa get! Maana ya nne! Na Hajjat akaelewa! Aligeuka kunitazama, macho yanang'aa. Mimi nikauma kitambaa cha vyombo nisije nikapiga vigelegele. Kisha akaweka mkono kifuani, akajibu kwa Kiingereza: hapana, asante.

Bila shaka. Nani anakubali mara ya kwanza? Mtu mwenye adabu hukataa mara mbili, abembelezwe, ndipo anywe.

Talia akaitikia, akarudi kukaa.

Hajjat akasubiri. Dakika tano nzima. Mwishowe akaja jikoni, midomo mikavu, akaninong'oneza kwamba mtoto hakumbembeleza hata kidogo. "Nimemkosea nini, Radwa? Au ananiona mimi kikongwe tu?" Nikamtuliza. Sasa ni zamu yake kukarimu, basi aitumie maana ya nne kwa nguvu zote.

Akaitumia. Alikuwa na sinia zima la kabichi zilizojazwa wali. Akauliza amletee? Talia akasema hapana, asante, ameshiba. Hajjat akanigeukia akasema ona alivyolelewa, akamrundikia sahani. Akauliza tena. Hapana. Akaongeza. Kufikia mara ya sita mtoto alikuwa na mlima mbele yake na machozi mashavuni. Akakimbilia msalani, akajifungia.

Hajjat aliketi sakafuni. Akasema mtoto atamwambia baba yake hataki kuja tena, na miaka saba mingine yeye hana. Alilia kwa sauti ndogo sana. Akaniomba niongee na mtoto, maana jengo zima mwenye lugha ni mimi.

Ninakiri hapa, na hapa tu. Nilisimama mbele ya mlango ule robo saa na sikutoa neno hata moja. Kiingereza chote kilikuwemo kichwani, kimepangwa kwa namba, mdomo umegoma. Mwishowe nilipenyeza chini ya mlango orodha yangu ya maana thelathini na moja. Kilio kiliongezeka.

Akaitwa Bassant. Alikuja na kandambili zake, akaketi chini, akaongea Kiingereza kibovu, cha kukatikakatika, ambacho mimi ningeona aibu kukiota. Alimweleza mtoto kwamba huku mtu huulizwa mara tatu, na jibu la tatu ndilo la kweli. Hajjat naye akaelezwa kwamba kule hapana ya kwanza ndiyo hapana yenyewe. "Yuu!" akasema Hajjat. "Basi watu wa kule wanashinda na njaa?"

Komeo likalia. Talia akatoka, akaenda jikoni akanipita kama vile mimi ni friji, akajaza maji glasi, akasimama mbele ya bibi yake. Akauliza. Hapana, asante. Akauliza. Hapana, asante. Akavuta pumzi, akauliza mara ya tatu. Hajjat akaimaliza glasi bila kupumua, akamvuta mtoto kifuani, wakacheka wote wawili mpaka pua zikatoka makamasi.

Mara zote tatu, naomba ieleweke, mtoto alitumia get.

Jumamosi, 12 Julai

Mbinu yangu inaendelea kuzaa matunda. Bibi na mjukuu hawaachani. Kila kitu wanaulizana mara tatu, hata nani azime taa, na wanacheka kila mara kama vile ni mara ya kwanza. Wanatumia maana moja tu kati ya thelathini na moja, lakini mwalimu mkubwa hahesabu.

Asubuhi Hajjat alinisimamisha kwenye ngazi. Akaniuliza kama ningependa kumfundisha kila Jumamosi, ili Talia akija tena wazungumze mengi. Na aliniita Misi Radwa! Kwa sauti, jengo zima likisikia! Nikaweka mkono kifuani, nikatazama chini, nikajibu inavyopasa: hapana, asante, nisikusumbue.

Hajjat akasema, "Haya, mwanangu, Talia amenifundisha kwamba hapana ya mtu ni ya kuheshimiwa." Akanibusu kichwani. Akafunga mlango.

Ni wazi ameingia ndani kutafuta maneno ya kunibembeleza. Ninaandika haya nimekaa kwenye ngazi, mbele ya mlango wake, asije akapata taabu ya kunitafuta. Umepita muda wa saa mbili sasa. Bassant amefika na daftari jipya, kagonga, kaingia. Nadhani ameitwa kumsaidia Hajjat kunibembeleza.

Nitakataa mara moja tu zaidi.