Sijaoa, kwa Mujibu wa Fomu

Jumatatu, 4 Machi 1968
Fomu ya kodi ya mapato imefika ofisini. Swali la tatu: umeoa au hujaoa? Nikiandika nimeoa, mshahara wa mke wangu Ephrasia wa unesi unarundikwa juu ya wangu, na kodi yote nadaiwa mimi. Uledi, karani mwenzangu, anasema waliooa wana nafuu yao, nipige hesabu kwanza. Uledi ni mwoga. Nimeandika: Sijaoa. Jioni nikamwonyesha mke wangu nakala. Akauliza miaka mitatu hii amekuwa akimpikia nani.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Bwana kodi anapita hapa kwetu Kitendaguro nyumba kwa nyumba kuhakiki fomu. Nimemwomba Ephrasia anobe, yaani arudi kwa baba yake Muleba kama wafanyavyo wake waliokasirishwa. Siku chache tu, mpaka bwana kodi apite. Ameondoka na cherehani. Nikauliza cherehani ya nini kwa siku chache.

Jumamosi, 9 Machi
Bwana kodi amekuja. Hakuona hata kanga kwenye kamba, akaenda zake ameridhika. Mpango umefaulu. Nimemenya ndizi mwenyewe. Mikono myeusi kwa utomvu, na ndizi zenyewe mbichi katikati. Nyumba imekuwa kubwa mno. Namkumbuka mke wangu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 10 Machi
Muleba, kumchukua. Desturi naijua: mume anapeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, anaomba radhi, anatozwa faini, anarudishiwa mkewe. Nilibeba kibuyu kimoja. Baba mkwe, Mzee Gamaliel, akakipokea, kisha akatoa mfukoni nakala ya fomu yangu. Ephrasia alikuwa ameondoka nayo! Akawasomea ndugu wote. Akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikakubali. Akasema basi, faini hutozwa waume. Kijana ambaye hajaoa hachukui mke, anakuja kuposa. Ephrasia aliniletea chai kwenye kikombe cha wageni. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumanne, 12 Machi
Nimekwenda kubadilisha fomu niandike nimeoa. Bwana kodi akauliza mke yuko wapi, akafungua taarifa yake: nyumba haina mke. Fomu inabaki ilivyo mpaka mke aonekane. Uledi amenipigia hesabu. Ningeandika ukweli, kodi ingekuwa ndogo kuliko sasa. Nimelala mapema.

Jumamosi, 16 Machi
Nimeposa upya. Mshenga ni Uledi, ambaye pombe haigusi, kwa hiyo mitungi ya rubisi nimebeba mimi, yeye akavuta mbuzi. Ephrasia akaulizwa mbele ya watu kama ananijua. Akahesabu mitungi kwanza. Nilipomposa mara ya kwanza sikuogopa hivyo. Akasema ananijua, na shida yenyewe ndiyo hiyo, lakini atarudi.

Jumatatu, 18 Machi
Amerudi, na cherehani yake. Bwana kodi amemwona kwa macho yake, akanipa fomu mpya. Nimeandika NIMEOA kwa herufi kubwa. Nimechoka na hila, sitaki tena.

Ila ukurasa wa pili una nafuu kwa anayetunza mzee asiyejiweza. Nimemwandika Mzee Gamaliel: mkongwe, hana shamba, namlisha mimi. Ana ekari kumi za kahawa, lakini ziko mbali na barabara. Inatakiwa sahihi yake tu. Kesho naenda Muleba.