Tomoe wa Moji na Vita vya Kioo cha Kisogoni

Njooni, enyi nyote mliowahi kukatwa nywele vibaya mkashukuru! Njooni, mliopakwa rangi msiyoitaka mkainama na kutoa asante! Sogeeni, wenye visogo vilivyodhulumiwa, nanyi wenye vipara sogeeni pia, maana dhuluma haichagui kichwa. Waandishi wa mabwana wamekwisha jaza makabati kwa habari za majemadari waliochoma miji isiyowakosea kitu. Kalamu hii, ambayo haikufundishwa na mwalimu yeyote wala haijasahau lolote, leo inaandika habari za Kuramitsu Tomoe, mjane wa miaka sabini na minne, mkazi wa bandari ya Moji, na jinsi alivyolitamka neno moja lililokuwa limemshinda maisha yake yote.

Mjueni kwanza. Huyu ndiye Tomoe Mzima-Mitambo, mwenye sauti ya honi ya meli, ambaye zamani, katika kiwanda cha keki za samaki, bwana msimamizi alipotangaza kwamba wanawake wa kwenye mkanda wa mitambo wataruhusiwa kwenda chooni mara mbili tu kwa siku, aliunyoosha mkono wake wenye magamba akabonyeza kitufe chekundu. Mkanda ukasimama, na wanawake mia na kumi na wawili wakasimama nao siku tisa, hata meneja mkuu akashuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe kuja kuwasikiliza. (Jina la yule msimamizi tunalo. Tunalitunza.)

Lakini kila ngome ina ufa wake, na ufa wa Tomoe ulikuwa kiti cha saluni. Kwa maana kwetu iko ada iliyo kongwe kuliko sheria: mwoshaji akikuuliza, "Kuna mahali panawasha?" hujibu hapana, hata pawe panawaka moto, na kazi ikiisha, mkataji akishika kioo nyuma ya kisogo chako ujitazame, huinamisha kichwa na kusema, "Ni nzuri, asante." Hakuna aliyewahi kusikika akisema vingine. Tumegoma viwandani, tumelala mbele ya matrekta, tumewazomea mawaziri. Mbele ya kioo kile sote ni kondoo.

Ikawa mwezi wa kumi, Tomoe akaingia saluni mpya karibu na stesheni, yenye kuta za vioo na muziki wa kutia kichefuchefu. Kijana mwenye viatu vilivyochongoka akamwambia, "Mama, niachie mimi tu." Akamwachia. Aliomba apunguziwe kidogo na mvi zake ziachwe kama zilivyo. Alipofumbua macho, nywele za mbele zilikuwa zimelala upande kama paa lililopitiwa na kimbunga, na kichwa kizima kilikuwa na rangi ya biringani lililolala kwenye chumvi. Kioo kikainuliwa. Damu ya wanawake mia na kumi na wawili ikachemka ndani yake. Kinywa kikafunguka kama lango la vita. Na kikatoka hiki:

"Ni nzuri. Asante sana."

Akainama, akatoka, akanunua kofia.

Hatsue, shoga yake tangu enzi za mkanda, aliivua kofia ile bila kuomba ruhusa, kama wafanyavyo mashoga.

"Shoga, hiki kichwa au kachumbari?"

"Rudisha kofia."

"Na alipokuonyesha kioo ulisema nini? Usinidanganye. Ulisema ni nzuri!"

"Nilisema ni nzuri."

"Wewe! Wewe uliyemwambia meneja akakojoe kwenye ndoo!"

"Meneja hakuwa ameshika kioo," akasema Tomoe, akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Kofia ingetosha kwa miaka iliyobaki, lau si picha. Maana kila mwaka, maua ya cheri yakisha kupukutika, mpiga picha huja kwenye ukumbi wa mtaa kuwapiga wazee picha ile moja itakayosimama katikati ya maua siku ya mazishi, kisha itundikwe juu ya madhabahu ya nyumbani na kuwatazama wajukuu wakila. Mumewe Tomoe hakuwahi kuipiga. Alipokufa, ikabidi uso wake ukatwe kutoka kwenye picha ya pamoja ya kiwanda cha meli, naye msimamizi wa zamu, aliyemfanyisha kazi za ziada mpaka mapafu yakakauka, alikuwa amemwekea mkono begani siku hiyo kwa ajili ya kamera. Mkasi haukuweza kuutenganisha.

"Miaka kumi na tisa, Hatsue," akanena Tomoe wiki ya picha ilipofika, na sauti yake haikuwa honi tena. "Miaka kumi na tisa namfukizia ubani mume wangu pamoja na vidole vitatu vya yule mshenzi. Mimi sitakatwa kwenye picha ya mtu. Nitakaa peke yangu, na kichwa changu mwenyewe. Na picha ni Jumamosi, zimebaki siku tatu tu, na kichwa nusu mvi nusu biringani, na sina mtu wa kumwamini mwenye mkasi!"

"Basi tafuta mtu."

"Watu wote wamekatwa vizuri wakitoka saluni. Kichwa kikavu husema uongo."

Hapo ndipo, enyi mnaosikiliza, hekima ilipomshukia kama radi juu ya mnazi. Alishika ndoo yake ya plastiki, akaenda kwenye bafu la umma, upande wa wanawake. Kwa maana mle watu huvua uongo pamoja na nguo. Mle mawimbi ya pasi na dawa za kupuliza huyeyuka, na mkato mbaya husimama wazi kama mwizi sokoni. Siku mbili mfululizo alizama mpaka kidevuni katika maji ya moto, macho yakizunguka juu ya mvuke kama mlinzi juu ya mnara, akivikagua visogo vya bandari nzima. Aliona ngazi, aliona mashimo, aliona kimoja kilichofanana na ufagio wa chooni. Ndipo akaingia muuza tofu, ile jibini ya soya, akajimwagia maji, akajikung'uta mara moja. Na nywele zake zikalala zenyewe mahali pake, mstari wa kisogo ukiwa mnyoofu kama upeo wa bahari asubuhi isiyo na upepo.

Tomoe akainuka majini, uchi wa mnyama, akasema, "Dada, samahani. Nani alikukata?"

"Shigeno, kule mteremkoni, nyuma ya duka la mikeka. Lakini jihadhari naye. Mkaidi yule."

"Mkaidi vipi?"

"Hakuachii mpaka useme kweli."

Na Tomoe, ndani ya maji ya moto, akatetemeka.

Kesho yake, ambayo ilikuwa Ijumaa, alipanda mteremko, Hatsue nyuma yake kama mbeba ngao, akitafuna kiazi kitamu. Saluni ya Shigeno ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: kiti kimoja, birika juu ya jiko, kalenda ya mwaka juzi. Shigeno mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, mwenye mikono ya mvuta kamba. Akaivua kofia, akatazama.

"Nani kakufanya hivi, mama?"

"Mdomo wangu mwenyewe."

"Kaa."

Akamvika joho jeupe, akamlaza, akaanza kuosha. "Panawasha wapi?"

"Hapana, pako sawa tu..."

"Sikuuliza kama panawasha. Nimeuliza wapi."

Matone yakahesabika. "Nyuma ya sikio la kushoto," akanong'ona Tomoe, na ukuta wa kwanza wa ngome ukaanguka.

Kisha mkasi ukaimba, na biringani likaanguka sakafuni shada kwa shada kama bendera za jeshi lililoshindwa. Hata saa ya nne na nusu, Shigeno akakiinua kioo.

Mvi zilikuwa mvi tena, safi kama fedha iliyosuguliwa. Isipokuwa juu ya sikio la kulia: hapo palisalia kishungi kimoja cha zambarau, ukubwa wa punje ya haragwe. Tomoe alikiona. Hatsue alikiona. Nadhani birika nalo lilikiona.

"Ni nzuri," ukasema ule mdomo. "Asante sana."

Kioo hakikushuka.

"Ni nzuri," akarudia.

Kioo hakikushuka.

"Mkono wangu hauchoki, mama," akasema Shigeno. "Mwaka jana nilimshikia mmoja mpaka chai yake ikaganda."

"Sema, we mwanamke!" akafoka Hatsue.

"Nyamaza, kula kiazi chako!"

Akatazama kile kishungi. Akaiona picha ya kesho ikining'inia ukutani miaka hamsini, na wajukuu wakiuliza, Bibi ana nini juu ya sikio? Akaviona vidole vitatu begani mwa mumewe. Mkono wake wa kuume, chini ya joho, ukanyooka wenyewe ukibonyeza kitufe kisichokuwapo.

"Bado!"

Vioo vikatikisika. Paka wa duka la mikeka akakimbia. Meli moja, wasema waliokuwa gatini, ilijibu.

"Bado kidogo," akaendelea, sasa kwa adabu. "Hapo juu ya sikio. Pana zambarau."

"Najua," akasema Shigeno, akikata. "Nimepaacha makusudi. Kila mgeni namwachia kishungi kimoja. Siwezi kumkata mtu asiyesema, nitajuaje nimemaliza?"

"Kumbe umenitega!"

"Nimekutega, ndiyo. Njoo tena mwezi wa sita."

"Nitakuja," akasema Tomoe. Na kwa neno hilo mkataba ulifungwa ulio imara kuliko mikataba yote iliyowahi kuwekwa muhuri na wakubwa katika bandari ile.

Jumamosi mpiga picha alipiga, akageuza kamera amwonyeshe. "Nzuri, eti mama?"

"Bado," akasema Tomoe. "Kidevu kimeshuka. Piga tena."

Wazee waliokuwa foleni nyuma yake, thelathini na wanne, wakageuziana nyuso kama watu waliosikia mlango wasioujua ukifunguka. Aliyefuata, bwana mmoja mpole aliyekuwa hajawahi kukataa kitu tangu azaliwe, alitazama picha yake, akakohoa, akasema, "Samahani... bado." Mpiga picha alikula chakula chake cha mchana saa kumi na moja jioni.

Basi iandikwe, na msimamizi yeyote asiifute, kwamba mwaka ule, katika bandari ya Moji, kioo kilijibiwa. Picha ya Tomoe sasa iko kabatini, imefungwa kwa kitambaa, haina haraka. Ndani yake ameketi peke yake, mvi zake zimelala zenyewe, na begani mwake hapana mkono wa mtu.