Ng'ombe wa Lemein

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimelificha hili miaka ishirini na minane. Umeya niliupata kwa uongo. Nilikuwa muuza mboga hapa Kitengela, nikawa diwani, kisha mimi na rafiki yangu Lemein tukawania umeya. Asubuhi ya kura, madiwani wakiwa wameshaketi, nilimtuma dereva aliyeniletea nyanya kutoka Kimana amwambie Lemein kwamba ng'ombe wake wa huko wameibwa. Akatoka mbio, hata kofia akaisahau. Nikashinda kwa kura moja. Ng'ombe walikuwa malishoni, wametulia.

Sasa nina miaka themanini na minne. Miguu imekataa kazi. Nitaungama kwake kabla sijafa.

Jumanne, 4 Machi

Jentrix, anayenitunza, amempigia Lemein simu. Simu akaishika mjukuu wake, Resian. Akasema babu hana nafasi. Nikamwambia Jentrix aseme ni Meya anayemtaka. Resian akajibu kwamba babu amesema kama ni Meya, ndiyo hana nafasi kabisa. Jentrix alicheka mpaka akashika ukuta.

Viti sita vya wageni vimeoshwa, kama kila siku. Nimekula peke yangu.

Jumatano, 5 Machi

Barua ya kuomba radhi. Nimeianza mara nne. Kila mara inageuka hotuba. Ya mwisho ilianza na "Wananchi wenzangu".

Nimepata njia bora. Lemein haendi kwa watu, huenda kwa ng'ombe. Nimemtumia Resian ujumbe: mtamba wa babu, yule mwenye sikio lililokatwa, ameonekana Noonkopir, nyuma ya nyumba yangu. Jentrix amesema Mungu anaona. Nimemjibu kwamba Mungu pia anajua nia yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Amefika kabla ya chai ya saa nne. Vumbi hadi magotini. Alizunguka ua mara mbili ndipo akaingia. Amezeeka kuliko mimi, nikafurahi kidogo. Hakusalimu. Aliuliza mtamba yuko wapi.

Nikasema hakuna mtamba. Kisha nikasema hata mwaka ule hakukuwa na wezi. Nikamweleza yote, nikitazama sakafu.

Akasema aliujua uongo ule siku ileile, alipowahesabu ng'ombe wake akawakuta wote. Alichongoja ni mimi niende kwake nikaseme. Angenipa chai, angenitukana, tungeendelea kuzeeka pamoja. Miaka yote hiyo alingoja. Na leo tena nimemtoa nyumbani kwa ng'ombe asiyekuwepo.

"Wewe Irungu," akasema, "mimi ni mtu ama ni mbuzi wako? Unaniswaga tu."

Akachukua fimbo, akaenda mlangoni. Mgongo ule nilishauona mara moja. Nilijua safari hii hatarudi.

Nikamwambia kwamba daktari amenipa wiki mbili.

Akasimama. Akarudi, akaketi kando yangu, akanishika mkono. Tulikaa hivyo hadi chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Lemein amehamia hapa. Resian ameleta godoro na blanketi zake. Lemein amesema hataniacha nife kama mtu asiye na ndugu. Asubuhi ameninyoa ndevu mwenyewe, akinitania kwamba maiti ya meya lazima iwe nadhifu. Tumecheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini humu ndani.

Jentrix anapika bila kuniangalia. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari.

Daktari alisema nipunguze chumvi.